Maji hayasomi plani



Kwa kawaida hapa tunaongea juu ya kofia ya kazi, miwani, vumbi la mawe, malaria na chakula cha mutoto. Leo nataka tuongee juu ya jambo ambalo wengi watasema si la munganga musaidizi: kimo cha udongo ndani ya ordinatere. Najua mutu atacheka. Atasema: «Wewe kazi yako ni sindano na kipimo cha homa. Ordinatere ya injeniere inakuhusu nini?» Mungoje kidogo. Mbele ya kumaliza ukurasa huu mutaona namna kosa moja lililoingia katika masini linavyoweza kufika mpaka kwenye kitanda cha mutoto wako.

MAMBO NILIYOYAONA

Katika kambi moja, ambayo sitaitaja jina, walijenga dispensere mupya na nyumba za watumishi pembeni ya dembo. Plani ilichorwa ndani ya ordinatere, nzuri sana, yenye rangi. Ilionyesha kwamba upande wa miti mikubwa ndio ulio juu, na upande wa barabara ndio ulio chini. Basi dispensere waliiweka karibu na miti, kwa sababu nyumba ya wagonjwa inapaswa kukaa pakavu. Mifereji yote ilichimbwa ili maji yatoke kwenye miti na kwenda barabarani.

Mimi nilikuwa katika kamati ya usalama na afya. Mbele ya kazi kuanza tulitumwa kutembea pale na plani mukononi. Tulikuta mama muzee aliyekuwa analima mihogo pale tangu miaka mingi. Akaniambia: «Baba, hapa ndipo maji yanapolala.» Nikatazama plani. Kila kimo kilikuwa kimeandikwa mpaka santimetre. Nikamujibu: «Mama, wenye kusoma wamekwisha kupima.» Kisha nikatia sahihi. Mukono wangu uko kwenye karatasi ile mpaka leo.

Mwezi wa kumi na mbili mvua kubwa ilinyesha usiku. Maji hayakwenda barabarani. Yalirudi. Yalifuata mifereji ile ile tuliyoyachimbia, lakini kwa upande mwingine, mpaka kwenye mulango wa dispensere, mpaka ndani ya chumba cha kuzalisha. Mama muzalishaji alipokea mutoto akiwa amesimama ndani ya maji, kwa mwanga wa taa ya mukono, kwa sababu tuliogopa umeme tukaukata. Mama na mutoto walipona, tunashukuru. Lakini maji yalibaki. Vyoo vya nyumba za chini vilijaa, na kilichokuwa ndani kikatoka. Wiki ya kwanza nilipokea watu wa kuhara. Wiki ya tatu benchi la wagonjwa lilikuwa limejaa mbele ya saa moja asubuhi, na karibu wote walikuwa na homa ya malaria.

Mumoja wao alikuwa mutoto wa mutumishi ninayemufahamu, dereva wa masini ya kubeba mawe. Malaria ilimupanda kichwani. Tulimupeleka kwenye lopitali kubwa, na alirudi mwenye uzima, lakini mpaka sasa anakokota muguu mumoja. Siwezi kuapa kwamba mbu aliyemuuma alizaliwa katika maji yale. Lakini nilikuwa naona viluwiluwi vya mbu pale kila asubuhi, hatua kumi toka mulango wangu. Yai la mbu linakuwa mbu wa kuruka katika siku kumi hivi mpaka kumi na ine, na joto likizidi hata chini ya hapo. Maji yale yalilala zaidi ya mwezi.

Kisha topografe alikuja na nivo yake ya miguu mitatu na fimbo yenye namba. Alipima siku moja tu. Akakuta kwamba mahali plani ilipoita «juu» palikuwa chini ya barabara kwa zaidi ya metre mbili. Mama muzee alikuwa na haki. Ordinatere ilikuwa na kosa.

Nilimuomba topografe yule anifundishe. Alinifundisha magharibi mbili, kwa subira. Yale niliyosikia ndiyo ninayowaandikia, na nimeona yanafanana sana na kazi yetu ya dawa.

ORDINATERE INAPATA WAPI UDONGO?

Sharti tujue jambo moja kwanza: ordinatere haijaona udongo wako hata siku moja. Programu za kuchora majengo, kama Revit au Civil 3D, zinapewa orodha ya alama. Kila alama ina namba tatu: ya kwanza inaonyesha kiasi gani uko mashariki, ya pili kiasi gani uko kaskazini, na ya tatu ni kimo. Programu inaunga alama hizo kwa pembe tatu-tatu, kama mutu anayeshona viraka, na kuonyesha mulima au bonde. Ukiipa namba nzuri, inachora vizuri. Ukiipa namba za uongo, inachora uongo kwa uzuri ule ule. Haitoi jasho wala haioni haya.

Namba hizo zinatoka wapi? Nyingine zinapimwa na topografe kwa miguu. Nyingine zinatoka kwenye picha za droni. Na nyingi, hasa kazi ikiwa ya haraka, zinachukuliwa bure kutoka data za anga. Data zinazojulikana sana ni zile zinazoitwa SRTM. Mwezi wa pili wa mwaka 2000 chombo cha Wamarekani, Endeavour, kilizunguka dunia siku 11 kikipima vimo kwa rada. Ni kazi kubwa, na imesaidia nchi nyingi ambazo hazikuwa na karata nzuri, na yetu pia.

Lakini tusikilize mipaka yake. Alama zake nzuri zimeachana karibu metre 30. Vimo vyake vimeandikwa kwa metre nzima-nzima, bila santimetre. Na wenyewe waliofanya kazi ile waliweka sharti kwamba kosa la kimo lisizidi metre 16. Kwa mutu anayetaka kujua umbo la mulima, hiyo inatosha. Kwa mutu anayechimba mufereji, haitoshi hata kidogo. Mufereji wa metre 60 wenye kushuka santimetre moja kwa kila metre unaomba santimetre 60 tu toka kichwa mpaka mwisho. Data inayohesabu metre nzima-nzima itaona wapi santimetre 60? Ni kama kupima dawa ya mutoto mudogo kwa ndoo.

Tena, tangu mwaka 2000 nchi yetu ya migodi imebadilika. Makarieri yamefunguka, vilima vya mabaki ya mawe vimeota mahali palipokuwa tambarare, na muti uliokuwa pale umekwisha kuwa makala. Data ya zamani inaendelea kuviona vitu ambavyo havipo.

MAGONJWA MATANO YA KIMO

Topografe alinionyesha makosa yanayorudi mara nyingi wakati wa kuingiza udongo katika programu. Nimeyapanga kama tunavyopanga magonjwa: dalili yake na dawa yake.

1. Vichwa vya miti. Huu ndio ugonjwa uliotupiga sisi. Rada ya anga haishuki sawasawa mpaka chini penye miti mingi. Inarudi toka kwenye matawi. Na kwetu miti mirefu inaota wapi? Inaota penye maji, pembeni ya dembo na ya muto. Basi bonde lenye miti linaonekana kama kilima, na udongo mukavu wenye majani mafupi unaonekana kama bonde. Picha za droni nazo zinaweza kuona mapaa ya nyumba na vichaka mahali pa udongo. Dalili: plani inakuambia kwamba penye miti mirefu ndipo palipo juu, au muto unapita juu ya mugongo. Dawa: penye miti na penye nyumba, sharti mutu aende kupima kwa mikono, na alama za uongo zitolewe mbele ya kuchora.

2. Futi na metre. Futi moja ni metre 0,3048. Plani za zamani zilizotoka upande wa Waingereza zilipimwa kwa futi, na programu nyingi zinatoka Marekani ambako futi inatumika mpaka leo. Muji wa Lubumbashi uko karibu metre 1 200 juu ya bahari. Programu ikizichukua metre 1 200 kama futi, itaushusha muji mpaka metre 366. Ni kama munganga anayesoma 98 kwenye kipimo cha homa cha Kimarekani na kufikiri mugonjwa anachemuka. Dalili: kila kitu kimekuwa mara tatu zaidi au mara tatu chini. Dawa: programu inapouliza ni kipimo gani, usibonyeze «ndiyo» bila kusoma. Uliza aliyepima.

3. Virgule na nukta. Sisi tunaandika 1 208,45 kwa virgule, kama tulivyofundishwa kwenye masomo. Programu nyingi zilizotengenezwa na watu wa Kiingereza zinataka nukta, na kwao virgule ni ukuta unaotenga namba moja na nyingine. Hapo 1 208,45 inakatwa vipande viwili: 1 208 na 45. Namba zote zinazofuata zinasogea, na mara nyingine kipande cha santimetre kinakwenda kukaa mahali pa kimo. Na kuna programu zinazofanya kinyume: nukta ya 1208.456 haizioni, na udongo unapanda mpaka metre 1 208 456. Hapo unajenga nyumba mahali pa satelite! Kosa kubwa hivyo linachekesha, na kila mutu anaiona. Kosa dogo ndilo linalokufa na watu. Sisi wa dawa tunajua: kati ya 0,5 na 5 kuna virgule tu, lakini kati yao kuna kaburi. Dawa: hesabu tarakimu. Kwa kipimo cha UTM kinachotumika kwetu upande wa Lubumbashi, namba ya mashariki ina tarakimu sita mbele ya virgule, ya kaskazini ina saba, na kimo kina ine. Zikiwa zimebadilishana mahali, utaona mara moja.

4. Zero ya uongo. Mahali ambapo hakuna kipimo, masini haiachi nafasi tupu. Inaandika 0, au namba ya ajabu kama -32768, ambayo katika data za SRTM maana yake ni «hapa sikuona kitu». Pia mistari ya kimo iliyonakiliwa toka karata ya zamani mara nyingi inalala yote kwenye 0, kwa sababu aliyeinakili aliandika mustari tu, hakuandika kimo chake. Dalili: udongo wote sawasawa kama meza, au katikati ya uwanja kuna shimo lenye kina cha metre 1 200. Dawa: toa alama hizo. Civil 3D, kwa mufano, inaruhusu kukataa kila kimo kilicho chini ya mupaka utakaoweka. Lakini kwetu wa migodi nina neno la kuongeza: musifute shimo bila kuuliza. Karieri ni shimo la kweli, na mutu aliyelifuta kwenye plani anaweza kupitisha barabara juu yake.

5. Zero mbili. Kimo si kitu kama hakuna mahali pa kuanzia. Nyumbani kwenu mizani ya sokoni isiporudi kwenye zero, unalipa nyama ambayo hukula. Karata zinahesabu toka bahari. GPS inahesabu toka umbo laini la dunia lililotengenezwa kwa hesabu, ambalo si sawasawa na bahari. Kuna sehemu za dunia ambapo tofauti inapita metre 100, kama kusini ya India, na kila mahali ina namba yake. Anayejenga nyumba naye anapenda kuita sakafu yake «0,00». Basi ukichanganya alama za karata, za GPS na za nyumba ndani ya plani moja bila kuzilinganisha, utapata ngazi ambayo haipo duniani.

Musifikiri kwamba jambo hili ni la watu wasiosoma. Ujerumani na Uswisi walijenga daraja juu ya muto Rhein, penye muji wa Laufenburg, kila nchi ikianzia upande wake. Wajerumani wanahesabu kimo kwa bahari ya Kaskazini, Waswisi kwa bahari ya Mediterania. Tofauti ni santimetre 27, na wote walijua. Lakini walipoirekebisha, waliirekebisha kwa upande usiofaa. Mahali pa kufuta santimetre 27, wakaziongeza. Mwaka 2003 wakaona kwamba pande mbili zimeachana santimetre 54, na upande wa Ujerumani ukapaswa kushushwa. Wao waliona mbele ya kumaliza, kwa sababu kulikuwa mutu aliyepima tena.

KIPIMO CHA ALAMA TATU

Sasa dawa ya wote. Topografe yule aliniambia: usiamini udongo wa ordinatere mpaka umeulinganisha na udongo wa kweli mahali patatu. Chagua alama ya kimo inayojulikana, kwa mufano jiwe la topografe lililosimikwa na simenti. Chagua sakafu ya jengo lililopo. Na chagua mahali pa chini kabisa, kama tumbo la mufereji au dalaja. Pima patatu kwa nivo, kisha soma ordinatere inasema nini pale pale.

Tofauti ikiwa ile ile mahali pote patatu, kwa mufano metre ine, ine, ine, kosa ni zero. Udongo wote usogezwe kwa kiasi hicho, mara moja tu, na iandikwe juu ya plani, ili mwingine asije akausogeza tena.

Ikiwa namba moja ni karibu mara 3,28 ya nyingine mahali pote, kosa ni futi na metre.

Ikiwa kila mahali pana tofauti yake, hapa mbili, pale saba, kule kidogo, hakuna hesabu itakayoiponyesha. Data yenyewe ni mugonjwa. Itupwe, na topografe arudi shambani. Hicho ndicho wangekuta katika kambi yetu kama mutu angepima. Hakupima mutu.

Kuna neno lingine kwa wenye kuchora. Namba kubwa za UTM zinachosha programu. Revit inataka jengo likae ndani ya kilometre 16 toka chanzo chake cha ndani, kama sivyo mistari inaanza kutetemeka. Kwa sababu hiyo wengi wanavuta udongo kwa mukono mpaka karibu na nyumba, juu na chini, mpaka macho yao yaridhike. Musivute kwa macho. Programu ina njia yake ya kuandika kwamba «zero ya nyumba hii ni metre fulani juu ya bahari». Itumieni.

MANENO YA WANAOKATAA

Nimekwisha kuongea haya mbele ya watu, na nimesikia majibu matatu.

La kwanza: «Hakuna wakati.» Ninakubali kwamba kazi ina tarehe yake. Lakini topografe wetu alitumia siku moja. Kugeuza mifereji, kuinua sakafu na kuchimba vyoo vipya kulichukua kipindi chote cha jua kilichofuata, na dispensere ilifanya kazi chini ya hema.

La pili: «Inaomba franka nyingi.» Jibu langu ni kwamba franka zinatoka hata hivyo. Ama zinatoka kwa nivo, ama zinatoka kwa simenti ya kurudilia, kwa dawa za malaria, na kwa siku ambazo baba hakwenda kazini kwa sababu analinda mutoto kwenye lopitali. Zile za mwisho hazionekani kwenye hesabu ya wajenzi, ndiyo maana wanafikiri hazipo.

La tatu linaniuma zaidi: «Watumishi na wamama hawajui mambo ya plani.» Ni kweli, hawajui programu. Lakini wanajua maji. Mutu aliyekaa miaka kumi mahali anajua mvua inaingia wapi na inatokea wapi. Ninadai kwamba kila plani ya nyumba, ya dispensere, ya masomo au ya bomba la maji ipelekwe mbele ya watu wa pale, isomwe kwa luga wanayosikia, na waulizwe neno moja: «Maji yanalala wapi?» Jibu lao likipingana na plani, kazi isimame mpaka kumepimwa. Sisemi kwamba jibu lao ni sawa siku zote. Nasema kwamba ni dalili, na munganga anayeitupa dalili bila kupima si munganga.

KITU UNACHOWEZA KUFANYA NYUMBANI

Ndugu mutumishi, huna nivo ya topografe, lakini unaweza kupata tiyo ya plastiki inayopenya macho, ya metre 15 au 20. Masoni wote wanaijua.

Ijaze maji, na utoe mapovu yote ya hewa, kwa sababu povu moja linaharibu kipimo. Acha vichwa vyote viwili wazi, usivizibe kwa kidole wakati wa kusoma. Simamisha kichwa kimoja kwenye mulango wa nyumba, na mwenzako asimamishe kingine mahali unapotaka maji yaende. Ngojeni mpaka maji yatulie. Maji katika vichwa viwili yatakuwa kwenye kimo kimoja. Sasa kila mumoja apime toka udongo mpaka kwenye maji. Kwenye mulango ukipata santimetre 80, na kule mwisho ukipata 110, maana yake kule ni chini kwa santimetre 30. Ikiwa ni umbali wa metre 15, umepata santimetre mbili kwa kila metre, na maji yatakwenda. Ukipata kinyume, yaani namba ndogo iko kule mwisho, usichimbe. Maji yatarudi mulangoni.

Fanyeni hivyo mbele ya mvua za kwanza za mwezi wa kumi. Wapeni vijana kazi hiyo, wataipenda, na wale wanaosoma hesabu watajua kwamba hesabu inatumika. Pimeni pia kati ya choo na kisima: choo kisikae juu ya kisima, maana kinachotoka chooni kinashuka pia chini ya udongo, mahali macho hayafiki. Na maji yanayobaki yamelala, yafukieni au yapasulieni njia. Chandarua cha mbu kibaki juu ya kitanda kila usiku, hata mufereji ukiwa muzuri.

Kwa wale wenye kuchora, wengi wao ni watoto wetu waliosoma, ninawaomba kwa heshima: andikeni kwenye kila plani namba zilitoka wapi, nani alipima, mwaka gani, kwa kipimo gani, na zero ni ipi. Mistari mitano tu. Chupa ya dawa isiyo na jina tunaitupa, hata kama ndani yake ni dawa nzuri. Plani isiyo na mistari hiyo nayo irudishwe kwa mwenyewe.

Na kwa wenzangu wa kamati za usalama: mutu akiwaletea karatasi ya kutia sahihi, muulize alama tatu ziko wapi. Kama hakuna, kalamu ibaki mufukoni. Mimi nilikosa kufanya hivyo. Mama muzee wa mihogo nilimurudilia baadaye kumuomba musamaha. Alinicheka kidogo, akanipa muhogo, akaniambia shamba lake jipya liko juu ya barabara, na kama tunataka kujenga tena, tuanze kwa kumuuliza.